Siku tisa na herufi za Grantha

Siku ya 1, Chennai

Shangazi Bahati alikaa kwenye benchi la hospitali dakika arobaini akisubiri kuitwa, kumbe ameshaitwa mara tatu. Mhudumu alikuwa akitoka na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kitamili, anapaza sauti: "Pahadi! Pahadi!" Hanyanyuki mtu. Mara ya tatu shangazi akaninong'oneza, "Huyo Pahadi naye anachelewesha watu." Mpaka muuguzi mmoja, dada wa kutoka Kerala, jimbo la jirani hukohuko India, alipokuja kusoma namba ya faili ndipo tukajua kuwa Pahadi ni sisi.

Yule sista alinieleza huku akicheka. Kitamili kina herufi moja kwa p na b. Msomaji hujua aitamke vipi kwa kuangalia mahali ilipokaa: mwanzoni mwa neno ni p. Ni vivyo hivyo kwa t na d, na kwa k na g. Mtamili hapati tabu, kwa sababu maneno yake yamezaliwa ndani ya utaratibu huo. Mwenye tabu ni jina la mgeni. Akachukua kalamu yangu akaandika Bahati kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, herufi tatu za mviringo kama maandazi, akasema kwao b ni b. "Zetu zimetoka kwenye Grantha," akasema. Grantha ndiyo nini? "Hati ya zamani. Watamili waliitumia kuandikia Kisanskriti. Nenda Mahabalipuram, utaikuta kwenye mawe."

Mimi ni mwandika mabango, Tanga. Maduka, milango ya magari, ubavu wa jahazi, hizo ndizo karatasi zangu. Na babu yangu alikuwa akiwaandikia watu barua kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Kiarabu hakina p. Waandishi wengi wa zamani wa pwani waliweka b tu na kumwachia msomaji ajue mwenyewe kama aliyetajwa ni paka au baka. Wengine wakaongeza nukta mpaka zikafika tatu. Kwa hiyo ile "Pahadi" ilinichekesha kuliko ilivyomchekesha shangazi. Babu alikuwa na ugonjwa huohuo, umegeuzwa tu.

Nyuzi za goti la shangazi, alilopasuliwa, zitatolewa baada ya siku nane. Binti yake yupo, anampikia. Nikamwambia shangazi nataka kwenda kutazama herufi. "Nenda baba," akasema, "kuliko kunikalia hapa kama kunguru juu ya paa."

Siku ya 2, Chennai bado

Makumbusho ya Egmore, yaliyoanzishwa mwaka 1851. Watu wote wanakimbilia masanamu ya shaba nyeusi, na wana haki yao, lakini mimi nilisimama kwenye mabamba ya shaba. Ni hati za ardhi. Mabamba kadhaa, kila moja limetobolewa, yamepitishwa pete nene, na pete imepigwa muhuri wa mfalme ili asiingize mtu bamba la uongo katikati. Wakili wa Tanga angeupenda ujanja huo.

Kilichonishika ni kwamba hati moja ina lugha mbili. Sehemu ya kwanza ni Kisanskriti kwa herufi za Grantha: mfalme ni mwana wa nani, babu zake walimshinda nani, ukoo umetoka kwa miungu gani. Halafu lugha inageuka kuwa Kitamili, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: mpaka wa mashariki uko wapi, mfereji unapita wapi, nani asidaiwe kodi gani. Sifa kwa lugha moja, mipaka kwa nyingine.

Kwa nini wasitumie herufi za Kitamili kote? Hesabu ndiyo inayojibu. Kitamili kina konsonanti 18. Kisanskriti kina 33: kina p, ph, b na bh, zote nne mbalimbali, na katika mantra, maneno ya ibada, ukikosea pumzi umekosea neno. Herufi zote mbili, za Kitamili na za Grantha, zimetoka kwenye Brahmi, ile ambayo mfalme Ashoka aliichongesha mawe ya Bara Hindi karne ya 3 kabla ya Kristo. Huku kusini, chini ya wafalme wa Pallava, kuanzia kama karne ya 6, ikakua hati iliyotosha sauti zote za Kisanskriti. Jina grantha lenyewe maana yake ni kitabu, na mzizi wake ni kufunga, kutunga kwa uzi. Sikuelewa uzi unaingiaje. Nililielewa Pondicherry.

Siku ya 3, Mamallapuram

Basi la pwani, kama kilomita 60 kusini. Upande wa kushoto bahari, mivumo, minazi, mashua zimevutwa mchangani. Ukifumba jicho moja uko Pangani.

Mji huu, ndio ule sista aliouita Mahabalipuram, ni wa wachonga mawe mpaka leo. Unashuka basi unasikia tindo, tik tik tik, kutoka nyuma ya kila ukuta, ijapokuwa siku hizi mashine za kukata zimeongeza kelele na vumbi. Nilikaa na fundi mmoja nusu saa. Nilitaka kujua nani anatangulia, mwandishi au mchongaji. Akaninyooshea chaki. Anachora mwenye elimu, anakata mwenye tindo. Basi ni kama kwetu: mimi ninapiga mstari wa chaki, kijana wangu anajaza rangi, na akikosea lawama ni yangu.

Kwenye yale mahekalu matano yaliyochongwa kila moja ndani ya mwamba mmoja, yanayoitwa ratha, lile refu kuliko yote limechorwa majina ya sifa ya mfalme Narasimhavarman huko juu. Kupanda hairuhusiwi. Nilikunja shingo mpaka ikauma, nikaona vivuli vya herufi. Nilipozipata kwa karibu ni kwenye Ganesha Ratha, ukutani mwa baraza: mistari ya mashairi ya Kisanskriti iliyopangwa sawasawa.

Sasa niseme kama fundi. Herufi za Pallava zina kiuno. Mistari ya wima inashuka mirefu, inapofika chini inapinda kushoto na kurudi juu, kama mtu aliyeshika kanga isiburuze matopeni. Vichwani zina kijikofia kidogo. Nafasi kati ya herufi na herufi haikupimwa kwa rula, imepimwa kwa jicho, na jicho hilo lilikuwa zuri kuliko langu. Granaiti haina kufuta. Mimi nikikosea ninachukua kitambaa na mafuta ya taa.

Jioni nikaenda Hekalu la Ufukweni. Mawimbi na chumvi vimelilamba mpaka masanamu ya nje yamebaki kama sabuni iliyotumika. Kutoka pwani hii hati ya Pallava ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na makasisi, ikazaa huko hati ya Kikhmer ya Kambodia na hati ya kale ya Java. Nilikula samaki wa kukaanga. Mwenye mgahawa alitaka kujua kama Tanzania ni sehemu ya Dubai.

Siku ya 4, Saluvankuppam

Safari fupi, kilomita kama 5 kaskazini mwa mji, kwa bajaji. (Dereva alishangaa nilipomwambia kuwa kwetu kila chombo cha miguu mitatu, hata kikiwa cha kampuni nyingine, ni bajaji.) Watu huja kuliona Pango la Chui lenye vichwa vya wanyama vimezunguka mdomo. Hatua chache kutoka hapo kuna pango dogo, Atiranachanda, halina watu kabisa, mbuzi wawili tu.

Na humo ndimo niliposimama asubuhi nzima. Ukuta wa upande mmoja una shairi la Kisanskriti kwa Grantha. Ukuta unaoutazama una shairi lilelile kwa Nagari, hati ya kaskazini, mama wa ile Devanagari inayotumika leo kwa Kihindi. Lugha moja, maneno yaleyale, nguo mbili. Mfalme aliyefanya hivyo, miaka 1,300 iliyopita, alimtarajia msomaji wa kutoka mbali. Au alitaka tu aonekane anamtarajia. Wateja wangu wanaodai "Karibu" iandikwe kwa Kiingereza na Kichina kwenye duka la vocha nawafahamu, kwa hiyo sitamwonea mfalme.

Nilijaribu kunakili mstari mmoja wa kila upande kwenye daftari. Nagari ina kichwa kinachotaka kulala bapa, inanyooka kama ubao. Grantha inazunguka. Mkono wangu ulichoka mapema kwenye Nagari, na sijui ni kwa sababu ya pembe zake au ya kulala vibaya.

Siku ya 5, Kanchipuram

Mabasi mawili, kubadilisha Chengalpattu, kiti kimoja watu watatu. Sitasimulia.

Hekalu la Kailasanatha lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na mfalme Rajasimha. Ni jiwe la mchanga, rangi ya kunde. Ndani ya ua, ukuta mzima umepangwa vijihekalu vidogo 58, vimebanana kama vibanda vya mamantilie. Na chini ya kila kimoja, kwenye kitako cha jiwe, yameandikwa majina ya sifa ya mfalme. Si kumi, si ishirini. Yanapita mia mbili. Mshindi wa vita, radi kwa maadui, mpenda sanaa, simba wa wafalme. Halafu yanarudiwa kwenye mistari kadhaa, moja chini ya mwingine, kila mstari na mtindo wake wa herufi: Grantha ya kawaida, Grantha ya mapambo, Nagari.

Ile ya mapambo nilitaka kuilia. Mikia ya herufi imejikunja, imerudi, imechanua kama mdomo wa ndege, mpaka herufi yenyewe inapotea ndani ya urembo wake. Ni fundi aliyepewa muda na malipo. Aliyeilipia si mtu wa kusoma, ni mtu wa kutazamwa. Hata hivyo herufi zile rahisi za mstari mwingine ndizo zilizonifundisha, maana jina lilelile likiwa juu kwa mapambo na chini kwa maandishi wazi, hata mimi nisiyejua Kisanskriti niliweza kulinganisha: hii hapa ndiyo ile pale. Kabla ya saa sita nilikuwa ninaitambua moja bila msaada, *śrī*, alama ya baraka na heshima.

Nikatoka nje nikaiona tena. Juu ya duka la nazi: Sri fulani. Kwenye kioo cha lori. Kwenye kibanda cha kahawa. Kumbe haijafa. Kitamili cha leo kimehifadhi herufi chache za Grantha kwa ajili ya maneno ya kuja: ja, sha, sa, ha, ksha, na hiyo sri. Mwenye kahawa akanionyesha kidole kituo cha basi. Neno *bas* pale limeandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni ya Kitamili, ileile inayobeba p na b, ya mwisho ni Grantha. Sikuamini. Nimekuja kutafuta hati ya wafalme na nimekuwa nikipanda chini yake siku tatu.

Wapo wasioipenda. Tangu mwaka 1916 kumekuwa na harakati za kusafisha Kitamili, maneno ya Kisanskriti yatoke na herufi zake ziende nayo. Serikali ina neno safi la basi, *perundu*, lisilohitaji herufi ya kuazima. Lakini waziri mkuu wa jimbo aliyeingia madarakani mwaka 2021 anaitwa Stalin, baba yake alimpa jina la yule wa Urusi, na jina hilo kwenye mabango ya uchaguzi linaanza na herufi ya Grantha. Mwenye kahawa alilisema hili kwa furaha kubwa, sikujua anampenda au hampendi.

Siku ya 6, Mandagapattu

Ukitoka mji wa Villupuram kwenda njia ya Gingee, unashuka kwenye kijiji na kutembea kati ya mashamba. Pango lipo kwenye kilima cha mawe. Nguzo mbili katikati, walinzi wawili wa jiwe pembeni, vyumba vitatu vitupu ndani. Si zuri kama Mamallapuram. Nililiendea maandishi yake tu.

Ni ya Mahendravarman wa Kwanza, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7. Yanasema kuwa nyumba hii ya Brahma, Shiva na Vishnu imejengwa na mfalme bila matofali, bila mbao, bila chuma, bila chokaa. Basi. Hayo tu na jina lake la kujisifia, mwenye akili ya maajabu. Kwa Kisanskriti kila kimojawapo cha vile vitu vinne ni neno moja linaloanza na a- ya kukanusha, na sauti ile ya a inarudi tena na tena kama mtu anayetikisa kichwa kukataa.

Mtu wa pwani hawezi kuyasoma hayo bila kukaa chini. Sisi nyumba ni matumbawe, boriti na chokaa. Toa hivyo, umebakiwa na kiwanja. Fundi wa mwambao angemuuliza mfalme: basi umejenga kwa kitu gani? Na mfalme angeupiga mwamba kofi: kwa kuondoa.

Nilifika Pondicherry usiku, miguu imevimba. Chakula cha jioni kilikuwa vidonge vya unga wa mchele vilivyopikwa kwenye chuma chenye mashimo. Wao wanaviita *paniyaram*. Ni vitumbua. Nilikula kumi na mbili.

Siku ya 7, Pondicherry

Taasisi ya Kifaransa iko mtaa wa mbele ya bahari, ilianzishwa mwaka 1955. Humu na kwenye taasisi ya jirani kumekusanywa maandiko ya majani, kama elfu kumi na moja, mengi ni ya ibada za Shiva, Kisanskriti kwa Grantha. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2005. Nilidhani nitakuta harufu ya uvundo. Nilipofunguliwa mlango nikakutana na harufu ya chai ya mama: mchaichai. Wanapaka majani mafuta ya mchaichai ili wadudu wasiyale na yasikauke yakavunjika.

Mzee mmoja aliyestaafu, ambaye bado huja kwa mapenzi yake, alinikalisha. Nilimwita *ayya* kama nilivyosikia wengine wakimwita, akafurahi. Akanionyesha fungu: majani ya mvumo yaliyokatwa marefu kama rula, yametobolewa, yamepitishwa kamba, juu na chini yana vibao viwili. Kamba ikizungushwa, kitabu kimefungwa. Ndipo nikauelewa uzi. Grantha ni kilichofungwa.

Kalamu ni ya chuma, ncha kali. Haina wino. Unakwaruza jani kwanza, halafu unapaka masizi na mafuta, unafuta, na weusi unabaki ndani ya mikwaruzo. Nikamuuliza kwa nini herufi zimezidi kuwa za mviringo tangu enzi ya mawe. Akachukua jani tupu, akakwaruza mstari ulionyooka kufuata nyuzi za jani. Likapasuka hapohapo, kama ukili. Akazungusha duara: jani zima. Mawe yanavumilia pembe, majani hayavumilii. Miaka thelathini ninashika brashi na hakuna aliyewahi kunieleza umbo la herufi kwa maneno machache namna hiyo.

Wanaosoma ni wachache sasa, alisema. Vitabu vya Kisanskriti vilivyopigwa chapa kwa Grantha vilikuwepo, baba yake alikuwa navyo, lakini Devanagari ilishika uchapaji na vijana wakajifunza hiyo. Kwenye kompyuta Grantha iliingizwa katika Unicode, orodha ya herufi za dunia inayotumiwa na kompyuta, mwaka 2014. Kaka yake kasisi anaiandika kwenye simu kuwatumia wajukuu, nao wanamjibu kwa herufi za Kiingereza. Nikamwambia kwetu ni hivyohivyo: barua za babu zimo kwenye sanduku la shangazi, na katika ukoo wetu wa leo anayeweza kuzisoma ni shangazi peke yake, naye anazisoma kwa kubahatisha. Akaniuliza kwa nini sijajifunza. Nikasema kazi. Hakujibu, akaendelea kufuta jani.

Kabla sijaaga nikamsimulia habari ya Pahadi. Akacheka mpaka akavua miwani. Akavuta kipande cha jani kipya, akakwaruza herufi tatu, akapaka masizi, akafuta kwa kidole gumba. Ba, hā, ti. B ya Kisanskriti, isiyochanganyika na p, na h yenye alama ya kuvuta pembeni. "Huku," akasema, "shangazi yako hawezi kupotea."

Siku ya 8, Thanjavur

Saa tano na zaidi ndani ya basi, nikafika saa saba mchana hekalu limefungwa mpaka saa kumi. Nikalala chini ya mti kama wenyeji.

Hekalu kuu la Rajaraja, lililokamilika mwaka 1010, halihitaji mimi kulisifu. Mnara wake unapita mita 60. Mimi nilizunguka kitako, miguu mitupu juu ya granaiti iliyopigwa jua mchana kutwa, ninarukaruka kama kuku. Kitako chote kimeandikwa. Ni daftari la mali: dhahabu, taa, mashamba, na orodha ya wacheza ngoma wa hekalu 400, kila mmoja jina lake na nyumba aliyopewa, mtaa gani, upande gani. Lugha ni Kitamili, lakini angalia mkono wa mwandishi. Anaanza na *svasti śrī* kwa Grantha, kama waandishi wetu wanavyotanguliza Bismillahi hata kwenye barua ya kudai deni. Kisha Kitamili. Likija neno la Kisanskriti au jina la mfalme, anaingia Grantha kwa herufi mbili tatu, anatoka, anaendelea, katikati ya mstari, wakati mwingine katikati ya neno, bila kubadili urefu wala unene. Na kwa vile hati hizi ni ndugu, herufi nyingi zinafanana, ni lazima uwe macho kuona amevuka saa ngapi.

Nilivua kofia. Kuchanganya hati mbili kwenye bango moja bila moja kuonekana mgeni ni kazi ambayo mimi huwa naikimbia. Nikiletewa Kiarabu na Kilatini pamoja nazitenganisha kwa ua.

Jumba la maktaba ya Saraswathi Mahal, alilolikuza mfalme Serfoji wa Pili, lilikuwa linafungwa nilipofika. Nikaona kabati moja la kioo, nikatolewa kwa adabu. Treni ya usiku.

Siku ya 9, Chennai

Egmore alfajiri. Mbele ya nyumba tuliyopanga mama mwenye nyumba alikuwa ameinama akichora *kolam* kwa unga wa mchele, nukta kwanza, kisha mstari mmoja unaozizunguka zote usikatike. Nikapita pembeni.

Shangazi alikuwa ameshavaa, goti limenyooka, anataka kujua kama nimekula. Nikampa jani. Akaligeuza, akalinusa. "Ukili huu wa nini? Mbona haujasukwa?"

"Jina lako, shangazi."

"Lisome."

Nikamsomea, kidole juu ya kila herufi. Akavaa miwani akalitazama kwa muda, kisha akauliza kama aliyeandika anajua Kiarabu, maana hiyo ya katikati ina mkono mzuri. Akalitia ndani ya pasipoti.

Hospitalini benchi lilelile. Hatujakaa hata robo saa, mhudumu akatoka na karatasi yake.

"Pahadi!"

Shangazi akasimama kabla sijamgusa.